Dizeli ya Friji

Ndani ya Probox ya abiria ya Naro Moru kwenda Nyeri, dereva wa trela la friji alikuwa akimweleza kazi yake mama aliyeshika mpini mpya wa jembe. Hakuna aliyemwuliza.

"Nikibeba mishiri ya wakulima ya kuuzwa ng'ambo, nazima friji, nauza dizeli yake, halafu nawasha nikikaribia uwanja wa ndege. Hiyo ni maharagwe tu, mama. Itaniripoti kwa nani?"

"Yangu ilirudishwa ati imenyauka," mama akasema polepole. "Nikalaumu mzee yangu ati hakunyunyizia maji. Mpaka leo analala kwa zizi ya ng'ombe."

Jamaa wa trela akakohoa. "Labda kweli hakunyunyizia."

"Trela yako iko na rangi gani?"

"Dereva, nishukishe hapa Kiganjo!" jamaa akamwambia mwenye Probox.

Gari likasimama. Mama alikuwa amelipa mpaka Nyeri, lakini alishuka pia, na mpini wake.