Kiguu na Njia na Nyuzi za Kijitoni

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, yule mwoka mikate, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kiguu na Njia, na nimeonywa nisome polepole, ingawa yeye mwenyewe asingesubiri hata nimalize sentensi hii.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, na mama yetu alikuwa akisema kwamba alitembea kabla ya kutambaa, jambo ambalo hatukuliamini, ila nani angebishana na mama. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya daraja kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akiwekwa kwenye dawati la mbali na dirisha kwa amri ya mwalimu mkuu, kisha akaingia chuo cha ushonaji na kuhitimu tarehe 30 Novemba 1980.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali, kile cha chini karibu na dobi, akashona shuka, mapazia na magauni ya wagonjwa hadi alipostaafu mwaka 2020, na wenzake watawaambia kwamba kwenye ile cherehani ya kukanyaga, miguu yake ilikuwa safarini hata alipokuwa amekaa. Kila mwaka, mvua zikipungua na mlima ukianza kuchanua, alikuwa hashikiki, anapanda kijia kinachofuata kijito kutoka tangi la maji hadi maporomoko, kutazama maua ya mwituni, na kila alipoona ua la kumfurahisha alichomeka kijiti kando yake na kukifunga kipande cha uzi alichobakiza kazini, wa buluu kama ua bado ni tumba, mwekundu kama limefunguka, ili anayepita asilikanyage, na katika maisha yake hakuchuma hata moja. Mama alimkanya kwamba mtembezi hula miguu yake, naye akamjibu kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota, hali sote tulijua haokoti kitu.

Kuhusu ndoa, shemeji yangu huyu mnayemwona hapa mbele alikuwa mlinzi wa tangi la maji, na mwaka 1987, alipoziona nyuzi zile, alidhani ni alama za wapima ardhi waliokuja kuukata mlima viwanja, akang'oa vijiti vyote kwa hasira na kuvitia kwenye ndoo. Dada alimkuta na ndoo mkononi, hakumtukana, alimwamuru avirudishe, na kwa kuwa hakujua kipi kilitoka wapi, ilibidi afundishwe ua moja baada ya jingine, somo ambalo kwa maoni yetu wengine lilichukua muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Walifunga ndoa tarehe 17 Septemba 1988, mwaka uleule walipoona pamoja, chini ya maporomoko, ua la zambarau linalochanua mara moja tu kila baada ya miaka kumi na miwili, nao wakalipa jina la Mgeni. Walijaliwa watoto wawili, binti, dereva wa lori, aliyezaliwa mwaka 1990, na mwana, fundi umeme, aliyezaliwa mwaka 1993. Mgeni alikuja tena mwaka 2000, akaja mwaka 2012, na mara zote mbili dada alikuwepo kumpokea.

Mwezi Machi 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, na daktari akamkataza kabisa kupanda mlima, nasi tukamwekea kiti dirishani, naye akautoboa mkeka uliokuwa chini ya kiti hicho kwa visigino. Alijua, nasi tulijua, kwamba mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa Mgeni, na alichotaka duniani kilibaki kimoja tu, awahi. Shemeji akawa anapanda kila asubuhi kwa niaba yake na kurudi na uzi umefungwa mkononi, leo buluu, kesho buluu, hadi tarehe 12 Mei 2024 aliporudi na mwekundu.

Dada alisimama akaulizia viatu vyake, ambavyo binti yake alikuwa amevificha kwenye pipa langu la unga, daktari akarudia katazo lake kwa simu, mwanawe akalia, nami niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Ndipo shemeji, ambaye hatujawahi kumsikia akipaza sauti, akasema, "Miaka miwili nimemlinda kama tangi. Leo namfungulia."

Alibebwa juu ya kiti na mwanawe pamoja na wenzake wa hospitali kwa kupokezana, na karibu na maporomoko akaomba ateremshwe, akatembea mwenyewe akimshika mumewe, viatu vikiwa vyeupe kwa unga. Alilitazama lile ua la zambarau muda mrefu, tukadhani sasa moyo wake umetulia, kumbe wapi, akainua kichwa na kutazama juu, mahali kijia kinapokoma na kijito kinapopinda.

Akauliza, "Na kule baada ya kona kuna nini?"

Hakuna aliyejua, hata shemeji. Alifariki nyumbani tarehe 16 Mei 2024 asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Tunamshukuru daktari, ambaye aliambiwa ukweli wote kuhusu safari ile na akaja hata hivyo, tunawashukuru wauguzi, wenzake wa chumba cha ushonaji, wabebaji wa kile kiti na majirani waliotupikia. Kwa waliouliza mbona jeneza halina maua, mmeshasikia sababu, na ule uzi mwekundu kwenye mshikio wake ameufunga shemeji. Kesho asubuhi anapanda hadi baada ya kona, na mwenye viatu imara anakaribishwa, ila aangalie anapokanyaga.

Pumzika kwa amani, dada, ukiweza.