Mlango Niliotaka Kumnyima Dada wa Kalinzi

Ndugu zangu, nimesimama hapa kanisani nikiwa bado na wivu. Afadhali mjue mapema.

Mnakumbuka ziwa lilivyopanda kule Bangwe. Kwangu maji yaliingia jikoni, kisha chumbani, mwisho ukuta ukalala. Nikafanya kama wengine: niling'oa bati na mlango, nikahamia chumba cha kupanga Kasingirima. Mlango tukaulaza juu ya matofali, ukawa kitanda.

Nikaanza kusoma. Kila nilichopata kuhusu mvua na joto nilikisoma, nikaelewa kwamba waliochafua hewa zaidi wako mbali, na sisi tunalipa kwa kuta zetu. Kanisa lilipoamua kwenda halmashauri kuwadaia viwanja waliofukuzwa na maji, nilijua msemaji ni mimi.

Mkamchagua dada mmoja wa Kalinzi, mkulima wa kahawa. Nawaambia, iliniuma. Kalinzi ni mlimani! Ziwa halijamlowesha hata kisigino.

Kisha akaja kwangu. Akapiga makofi taratibu, kama tunavyosalimiana kwetu. "Mwakeye, kaka. Naomba mlango wako twende nao."

"Usemaji umechukua. Sasa unataka na kitanda?"

Mke wangu akacheka. "Mzee, hapa huo mlango haufungui kitu. Upeleke ukafungue huko."

Nikakubali kwa sharti moja: niubebe mwenyewe, na nitangulie.

Kule halmashauri, dada alieleza habari zetu vizuri. Vizuri mno, kwa maoni yangu. Afisa akauliza, "Nani anathibitisha kwamba mlikuwa na nyumba huko?"

Dada akanigeukia. "Kaka, geuza."

Nikageuza. Namba ya nyumba ilikuwa pale, imepigwa rangi na halmashauri yenyewe, na juu yake alama ya pale maji ya ziwa yalipofikia. Afisa aliisoma, akaisoma tena. Ndipo akaagiza tuandikwe kwenye orodha ya viwanja.

Leo mlango huo uko kwenye nyumba yangu mpya, juu, mbali na ziwa. Asanteni mliobeba matofali. Asante, mke wangu. Na wewe dada, ambaye hata leo umesalimiwa kabla yangu, asante.

Ndugu zangu, msingoje wivu uishe ndipo mshike kazi. Wangu haujaisha. Lakini kuna jirani zetu wa Bangwe ambao bado hawajapata viwanja, na Jumatatu tunarudi kuwasemea. Dada atasema. Mimi nimekwisha kulegeza bawaba za mlango.