Kivuli cha Kijiti

Tulikuwa ndani ya basi dogo, tumetoka mji wa Naryn, milimani, tunakwenda Bishkek, mji mkuu. Mbele yangu kijana mmoja, Sagynbek, mwalimu wa fizikia kwa mtandao, alimwambia mama aliyeketi naye kwamba leo anakwenda kuacha kazi.

"Wanafunzi walianza thelathini, mama. Wamebaki wanne, na kamera wamezima. Naongea na ukuta."

"Kwa muda gani?"

"Saa moja na nusu."

"Hata ukuta ungetoroka."

Nikawakumbuka walimu wangu. Mama huyo, Burulcha, naye hufundisha hesabu kwa mtandao. "Mimi naongea dakika tano, kisha nawatoa nje," akasema. "Juzi kila mtoto alisimika kijiti cha mita moja, akapima kivuli kilipokuwa kifupi kabisa. Cha mtoto wa Batken, kusini, na cha mtoto wa Talas, kaskazini, havikulingana. Kwa tofauti hiyo, na umbali kati ya miji hiyo, tukakokotoa mzunguko wa dunia."

"Mkaupata?"

"Tulikaribia sana. Binti mmoja, yuko malishoni na kondoo, akaniuliza: 'Mwalimu, tumepima dunia nzima, na mimi sijavuka hata mto?'"

Dereva akazima redio. Mimi niliyetembea na fimbo yangu miaka hamsini nilijiona sijafika popote.

"Huo mchezo tu, mama. Wangu wana mtihani."

"Wako wanne, mwalimu."

Saa saba mchana, vivuli vikiwa vifupi kabisa, basi likasimama njiani, Kochkor, tule. Supu ilipoa mezani. Sagynbek alikuwa nje, amechomeka fimbo yangu ardhini, simu mkononi, akiwaita wale wanne: "Washeni kamera! Tokeni nje, upesi!"