Mate ya Kunguni na Maandazi ya Mama Arcade

Benchi letu la mtaa wa Kawajense lina miguu mitatu na tofali moja. Liko mbele ya gereji ya pikipiki, na birika la kahawa la Hamis ndilo linalotukusanya hapo kila siku saa nne asubuhi. Kushoto kwetu ni kibanda cha Amedeus, ambaye amekaanga maandazi mtaani hapa miaka kumi na mmoja. Ng'ambo ya barabara, tangu Pasaka, kuna meza ya Pudensiana. Sote tunamwita Mama Arcade, kwa jina la mtoto anayembeba mgongoni. Maandazi yake huvimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Ya Amedeus, wiki hii nzima, yamelala kwenye mafuta kama soli za ndala.

Siku hiyo Amedeus hakuwasha jiko. Alikuja na beseni, akaliweka katikati yetu, akainua donge la unga kwa vidole. Halikuvutika. Lilichuruzika likarudi chini kama uji wa mgonjwa.

— Nimeukanda jana jioni ukiwa mgumu vizuri, alisema. Sasa naenda kwa balozi wa nyumba kumi. Nyie mje muwe mashahidi wangu. Yule mwanamke wa ng'ambo kanichezea, karoga unga wangu.

Hatukucheka. Neno kama hilo likifika kwa balozi halirudi. Mwanamke wa mwisho aliyetajwa hivyo mtaani kwetu aliondoka na godoro kichwani, na mpaka leo hatujui alikoishia.

Makoye, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alimuunga mkono hapohapo. Alisema amechunguza moshi wa yule mama: unavuka barabara kuja kwa Amedeus hata upepo ukielekea upande mwingine, kule Ugalla. Mficha uchi hazai, akaongeza, na hakuna aliyejua nani kaficha nini. Kisha akapanda juu zaidi. Kanga anayombebea mtoto ina mafundo mawili, na kila akikaza fundo, amira ya jirani inakata pumzi.

Amedeus alimsikiliza, kisha akautazama mfuko wa shati la mwenzake.

— Redio, hilo doa la mafuta la nini?

Redio akaliziba kwa kiganja.

— Nilinunua moja kwake. La uchunguzi.

— Na jana?

— Uchunguzi haufanywi siku moja, kaka.

Amedeus akatugeukia mmoja mmoja. Hamis akajishughulisha na makaa. Mimi nilikuwa nimejipangusa midomo mapema.

Hapo ndipo Kassiani alipovuta beseni. Alikuwa bwana shamba kabla ya kustaafu, na bado huongea kama mtu aliyesimama kwenye tuta. Aliunusa unga, akausugua kwenye vidole, akauliza ngano ilitoka wapi. Akaambiwa Ufipa. Akatikisa kichwa taratibu. Alieleza kwamba kuna kunguni wa shambani anayechoma punje ya ngano ikiwa bado ina maziwa. Hana meno. Hutema mate kwanza, mate yayeyushe chakula, ndipo anyonye. Ndani ya mate hayo mna vimeng'enya, ndugu wa vile vinavyoyeyusha nyama tumboni mwetu. Mdudu anaruka anaenda zake, punje inakauka, inavunwa, inasagwa. Mate yamo. Yanangoja maji. Ukikanda tu yanaamka, yanaanza kuukatakata ule mvuto unaoufanya unga ushikane kama mpira.

— Kwa hiyo donge langu limeliwa na mdudu aliyekufa? Amedeus aliuliza.

— Mdudu hayupo. Tumbo lake ndilo limebaki.

Redio alicheka mpaka tofali likateleza. Kanga yenye mafundo aliiamini. Mate yaliyopanda lori hayakumwingia akilini. Lakini Amedeus hakucheka.

— Mzee wangu, gunia lilikuwa moja. Mimi na yeye tuligawana palepale dukani, nusu kwa nusu. Huyo kunguni alitemea nusu yangu tu?

Kassiani aliunusa unga tena. Amedeus akafunga vifungo vya shati, tayari kwa safari ya balozi.

Alipoinua macho, Mama Arcade alikuwa anavuka barabara, mtoto mgongoni, bakuli lililofunikwa mkononi.

— Shikamooni, wazee. Kaka Amedeus, nimeona jiko lako halina moshi, nikadhani unaumwa. Nimekuletea maandazi ya chai.

Akaliona beseni. Akainama, akagusa unga kwa kidole.

— Hata wangu uliniyeyukia hivi. Arcade alikuwa na homa, nikausahau kutwa nzima. Tangu siku hiyo nakanda, nusu saa tu, nakaanga. Huyu mtoto haniachii nafasi zaidi ya hiyo.

Kassiani alijipiga kofi gotini. Mate yanataka muda, alisema. Ukiyawahi, hayajamaliza kazi yake. Mama yule alikuwa bado anamtazama Amedeus.

— Lakini kaka, wewe ulikuwa unakanda alfajiri na kukaanga alfajiri hiyohiyo. Nilikuwa napita kuchota maji, nakutazama mikono. Ndivyo nilivyojifunza. Umeanza lini kuulaza usiku kucha? Na kwa nini?

Redio alianza kusema haraka haraka haina baraka, akaishia katikati. Sote tulijua lini: tangu Pasaka. Na kwa nini, tulijua pia. Alitaka yavimbe kuliko ya ng'ambo, kwa hiyo kila wiki aliulaza unga muda mrefu zaidi ya wiki iliyopita. Ila jibu hilo lilipaswa litoke kwa mtu mmoja, naye alikuwa anatazama vidole vyake vyenye unga.

Hamis aliinamisha birika. Lilitoa tone moja, basi.

Amedeus aliiacha safari ya balozi, akakaa. Alifunua bakuli, akachukua andazi moja, akalitafuna polepole mno, kama mtu anayetafuta kasoro ndani yake na haipati.