Siku Isiyo ya Wageni

Wiki nzima binti aliishi na hofu kwamba mama yake anakwenda kukikagua chuo alichokichagua yeye, ili apate sababu ya kumkatalia kusoma huko. Kwa kuwa basi lilijaa, walikaa viti tofauti, naye akajikuta nyuma ya mama, akiyasikia mazungumzo yake na mzee mmoja mwenye tai, ambaye kabla ya kituo cha pili alikwisha kuijua safari yao yote.

“Lakini siku ya wageni ni Jumamosi, mama,” mzee alisema. “Mngepokewa vizuri, mkatembezwa kila mahali.”

“Ndiyo maana tunakwenda leo, baba. Siku ya wageni hata kwangu kunang'aa.”

Mzee alicheka, ingawa hakukubali kushindwa. “Sasa nani atawaeleza mambo?”

“Wanafunzi walio kwenye foleni ya chakula. Mwenye njaa hana muda wa kupamba maneno.”

Binti aliuma mdomo asicheke.

“Mimi fundi cherehani,” mama aliendelea. “Nguo naigeuza kwanza, niuone mshono.”

“Chuo si gauni, mama! Na mshono ukiwa mbovu, utamkataza mtoto?”

Binti aliinama mbele ili asikie vizuri.

“Nitamwonyesha palipofumuka. Lakini mvaaji ni yeye, mimi nitamkatazaje?”

“Hapo sasa unamdekeza,” mzee alianza, kidole juu; lakini basi lilikwisha simama mbele ya lango la chuo.

Mama alimuaga kwa heshima, akainuka, akajibana kando ya kiti.

“Tangulia, mwanangu,” alisema. “Mimi nakufuata.”