Charline Cibalonza na Uji wa Mama Yake

Wapendwa mliokuja kulia pamoja nasi hapa Murara, padri wetu, majirani, wateja na washonaji wa Birere, familia imempa Bashige, kaka mkubwa wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya Charline Cibalonza, naye anaomba radhi mapema, kwa kuwa humu kuna maneno ambayo wajomba walitaka yafutwe, lakini Mama mwenyewe amesema yasomwe yote.

Charline alizaliwa tarehe 14 Aprili 1985 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa nne na msichana pekee wa muzee Namegabe, karani, na Mama Élodie Nshobole, akabatizwa akiwa na majuma mawili, na mwaka 1991 familia ilihamia Goma, katika nyumba hii hii mnayoiona. Shule ya msingi aliisoma hapa mtaani hadi 1997, akaendelea na sekondari upande wa ushonaji, na ingawa lava ya Januari 2002 iliunguza shule pamoja na daftari zake zote, alirudia mwaka na kupata diploma ya Serikali Julai 2004, maana hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi.

Mwaka 2005 alianza kushona Birere, kwanza kwa cherehani ya kuazima, baadaye kwa cherehani zake mbili, na wanawake wengi walioketi hapa leo wamevaa kazi ya mikono yake, tena wanaujua na mdomo wake, alikuwa akimtania mteja mnene mpaka mwenyewe anacheka na kurudi tena.

Tarehe 6 Agosti 2011 alifunga ndoa parokiani na Sikuli, mwana wa Butembo, dereva wa lori, Mungu akawapa Christa, tarehe 3 Mei 2012, na Prodige, tarehe 19 Oktoba 2014. Tarehe 8 Machi 2016 lori la Sikuli lilipinduka karibu na Kibati, akafa papo hapo, na Charline akabaki mjane kabla hajatimiza miaka thelathini na moja.

Miezi mitano Mama alikwenda naye misa ya asubuhi, lakini Charline alisema misa inampangusa machozi tu, yeye anataka uzima, uzima tele kama Bwana alivyoahidi, si huu wa kuvuta pumzi na kungoja jioni. Ndipo alipoingia chumba kimoja cha maombi, na tusidanganyane mbele ya sanduku, kule alifufuka, alirudi kuimba, akapata usingizi, nasi tulishukuru.

Halafu Jumapili, tarehe 12 Februari 2017, mtabiri wa chumba hicho alimwambia kwamba uzima wake umefungiwa ndani ya chungu, na mwenye chungu ni yule aliyemlisha tangu utoto. Kuanzia siku hiyo Charline hakula tena kitu kilichopita mkononi mwa mama yake, na watoto akawakataza. Miaka saba Mama alimpelekea bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kila Jumapili, na kila Jumapili chakula kilirudi kama kilivyokwenda, majirani wakaona, wakaanza kusema lisemwalo lipo, na mwanamke aliyewapokea watoto wenu wengi walipozaliwa akawa mchawi mtaani kwake. Bashige, huyu anayewasomea, badala ya kumwendea mdogo wake kwa upole, alimtukana mbele ya watoto wake, na hilo linamla hadi leo.

Agosti 2024 figo zake zilianza kuharibika, na tarehe 25 Oktoba alilazwa hospitalini, na mnajua kwetu mgonjwa hulishwa na watu wake. Mama akaja na uji. Charline hakumfukuza, hakuwa tena na nguvu za kumfukuza, lakini alimwomba aonje kwanza. Mama akaonja, asubuhi na jioni, kijiko chake kwanza, kisha cha mtoto wake, siku ishirini na nne, mbele ya wagonjwa wote, nasi tuliisubiri siku ambayo Charline angekunywa bila kumtazama kwanza, na siku hiyo haikufika. Watu wa chumba cha maombi walikuja mara mbili, mara ya pili wakaona kikombe cha uji wa Mama, wakasema sasa wameelewa kwa nini haponi, wakaenda zao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Charline alifariki Jumatatu, tarehe 18 Novemba 2024, saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa juu ya mkono wa Mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliosimamisha hema, washonaji wenzake walioshona nguo aliyovaa, na zaidi Mama Dorine, wa nyumba ya pili, anayewalisha Christa na Prodige tangu Jumatatu. Watoto hawa sasa hawana kwao pengine ila kwa Mama Nshobole, naye kila asubuhi huwawekea sahani, huonja mbele yao bila kuombwa, nao humtazama, husema asante kwa adabu, kisha huvuka kwa Mama Dorine na njaa yao.

Charline, mdogo wetu, sisi hatukuwa na uzima tele wa kukupa, tulikuwa na uji. Kama huko uliko umeupata ulioutafuta, utuombee watoto wako wakubali kula kwa mama yako. Pumzika kwa amani.