Kuku Mweusi Aliyemshusha Otilia Mgongoni Mwangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, nyie mlioniombea na nyie mlionisema! Najua wapo waliofanya yote mawili. Jumapili nilisimama mbele yenu kutoa ushuhuda huu, nikafika katikati nikalia, nikarudi kukaa. Kwa hiyo nimeuandika. Asomaye na auseme kwa sauti, na wa nyuma wasikie.

Mimi ni Mama Otilia wa Mshangano. Naishi kwa mama mkwe wangu. Mume wangu ni mwalimu huko Namasakata, Tunduru, tunamwona likizo. Nimemaliza kidato cha nne, nina mdomo, na nilikuwa na hasira. Ndugu zangu, hasira! Naamka nayo asubuhi, nachota nayo maji, napika nayo. Nisikilizeni mjue ilitoka wapi.

Otilia ni mtoto wangu wa pekee. Alikuwa na miaka mitatu na alikuwa anaongea kuliko redio. Sasa pale nyumbani shemeji yangu Gaudensi, mdogo wake mume wangu, alikuwa na jogoo wa kuchi. Kuchi mnawajua: shingo ndefu, miguu mirefu minene, jicho la mtu anayetafuta ugomvi. Gaudensi alimwita Kamanda. Alimlisha kwa mkono, alimpaka mafuta miguuni, alimbeba kifuani kama mtoto. Kwa Gaudensi yule jogoo alikuwa mpole kama njiwa. Sisi wengine tulipita uani na ufagio mkononi.

Asubuhi moja Otilia akatoka kwenda chooni. Nikasikia ukelele. Nilipofika, jogoo alikuwa amesimama juu ya mwanangu, kifua mbele, anawika. Anawika, ndugu zangu! Mtoto amechanika juu ya jicho, damu imeingia mpaka mdomoni.

Hospitali walimshona, jicho likawa zima, namshukuru Mungu. Lakini Otilia hakukanyaga tena ardhi ya nje. Ukimweka chini anapanda miguu yangu kama anapanda mti. Chooni mgongoni, bombani mgongoni, kupalilia mahindi mgongoni, mtoto mkubwa vile! Na akanyamaza. Hakutoa neno tena, ni kidole tu, hiki, kile. Daktari akasema masikio mazima, ulimi mzima, tuvumilie. Mpaka lini, hakusema.

Gaudensi yeye akasema, "Shemeji, kuchi ndivyo walivyo. Ungempa mtoto fimbo."

"Fimbo nitakupa wewe," nikamjibu.

"Jamani, jamani," mama mkwe akasema, maana huku ni mwanaye na huku ni mjukuu wake, na yeye yuko katikati na sufuria ya uji.

Niliomba. Siwafichi nilivyoomba. Nilisema: Bwana, mwue yule jogoo, na kama una nafasi mguse na Gaudensi kidogo. Jogoo akaendelea kunenepa.

Mungu hakunipa nilichotaka, ila alinifungua macho. Nilimkuta Otilia dirishani anatazama vifaranga uani. Hakuwa anatetemeka. Alikuwa amebandika pua kwenye wavu, anawatazama vile mtu anavyotazama ndugu waliosafiri. Nikaelewa. Mtoto huyu anawapenda kuku! Mmoja tu ndiye amewaharibia jina wote. Basi nikaamua kumtafutia kuku mwenye utu, aletwe mpaka ndani, mtoto ajue wapo.

Wafugaji, hapa ndipo penu. Watu wanauliza kuku yupi anataga sana, yupi anakua haraka. Mimi niliuliza yupi ana moyo, na hakuna aliyenijibu, ikabidi niwajaribu mwenyewe.

Nilianza na tetea wa kienyeji wa mama mkwe. Ana akili huyo, hakuna kuku anayemshinda akili. Ukiwa na pumba mkononi wewe ni ndugu yake, pumba zikiisha hakujui. Nilimshika nikampeleka kwa Otilia, kuku akapiga kelele hadi majirani wakadhani tuna mwizi. Simlaumu. Ana maisha yake.

Nikaazima kloila, wale kuku chotara wa kisasa, wa Mama Skola, jirani yetu na mwenyekiti wa jumuiya yetu. Kloila hawaogopi mtu. Wanakuja wenyewe, tena mbio, tena wote, wakisikia tu sufuria inakwanguliwa. Walipanda miguuni, wakapindua sahani, mmoja akaruka mpaka mapajani kwangu akanipokonya tonge. Otilia alikuwa tayari kichwani kwangu. Wale ni marafiki wa harusini, wapo mpaka pilau iishe.

Kuku wa mayai, wale wekundu, ni wapole kweli. Ukimgusa mgongoni anachuchumaa. Lakini anadonoa kila kinachong'aa: kifungo, hereni, ukucha. Alidonoa kovu la mwanangu. Tukaishia hapo.

Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ndiye aliyenishangaza. Nilimdharau kwa sura, kumbe ni mtulivu kama sista kwenye mafungo. Anakuja, anasimama karibu yako, hakuombi kitu. Ningemchukua huyo. Lakini Otilia alipoiona ile shingo nyekundu akanyoosha kidole shingoni kwa kuku, halafu akakileta kwenye kovu lake mwenyewe, juu ya jicho, machozi yakimtiririka. Alidhani kuku naye amechanwa. Ndugu zangu, nilimkumbatia mtoto wangu siku ile nikakosa hata hasira. Nilimrudisha kishingo wa watu.

Ndipo nikaenda Mfaranyaki. Kuna mama anauza kuku wa Malawi, wale weusi watupu, ukiwaona juani manyoya yanatoa kijani. Wazito, wanatembea taratibu kama wazee wanaotoka misa ya kwanza. Nilimnyanyua tetea mmoja. Hakurusha mbawa. Alikaa mkononi, akashusha pumzi, akaingiza kichwa kwapani kwangu. Nikasema huyu. Ilikuwa baridi ya mwezi wa sita, ile ya vidole kufa ganzi, basi nikamfunga kwenye kanga nikatembea naye mpaka nyumbani.

Nikakaa naye sakafuni, ndani, mlango umefungwa. Otilia nyuma ya kiti. Kuku akafumba macho. Siku ile ikapita. Kesho yake Otilia akasogea, akagusa mkia, akakimbia. Nilimwacha. Siku nyingine akaja mwenyewe, akaingiza mkono chini ya bawa, kule kwenye joto, akauacha. Kuku hakushtuka. Akatoa ile sauti yao ya tumboni, kroo, kroo. Na mwanangu akamjibu! Kroo. Halikuwa neno, lakini ilikuwa sauti yake, nilikuwa nimeanza kuisahau. Nilikwenda jikoni nikalia, mama mkwe aliponiuliza nikamwambia kuni mbichi.

Sasa tuje kwenu. Mama amebeba kuku mweusi asiye na doa, amemfunga kwenye kanga, anatembea haraka, na nyumbani ana mtoto asiyesema. Hapa kwetu kila mtu anajua ni nani anayetaka kuletewa kuku mweusi asiye na doa. Sikuwaza! Mimi nilikuwa nawaza joto la kuku, nyie mlikuwa mnawaza mganga. Kabla sijamwekea kuku maji habari ilikuwa imezunguka Mshangano nzima.

Mama Skola alikuja. "Mama Otilia, ulikuwa wapi?"

"Mfaranyaki."

"Kwa nani huko?"

"Kwa muuza kuku."

"Mh. Wote hujibu hivyo."

"Ni kuku, Mama Skola. Ana mabawa, anakula, anakunya. Muangalie mwenyewe."

"Mweusi hivyo? Na amelala ndani kwenye nyumba ya rozari?"

Zamu ya kusali ilikuwa inakuja kwetu. Basi likapitishwa, sijui wapi, kwamba siku ile baada ya sala kuku achinjwe na jumuiya nzima imle. Kama ni safi, nitatoa kwa moyo mmoja. Nikikataa, ndiyo nimekiri ni wa mganga. Nilitaka kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia maneno yangu. Mama mkwe alinishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "kuku tutanunua mwingine. Mimi nimezeeka na hawa watu. Hawa ndio watakaonizika."

Hakuwa anagomba. Alikuwa anaomba, mama mzima, ananiomba mimi. Nikafunga mdomo. Lakini nilijua ninachokwenda kupoteza. Sauti ile ya kroo ilikuwa ndiyo kamba pekee niliyokuwa nimemshikia mwanangu, na kamba hiyo walikuwa wanakwenda kuikata kwa kisu.

Mkaja. Mkasali, mkaimba. Gaudensi akanoa kisu, akamtoa kuku ndani akamshika miguu, kichwa chini, akaenda naye hadi mwisho wa ua, penye jiwe. Mimi nimesimama mlangoni, Otilia mgongoni.

Nikasikia kanga inavutwa. Mtoto anajinyonga, anasukuma mgongo wangu kwa magoti. Nikadhani ameshikwa na degedege. Fundo likaachia. Akateleza, akafika chini, miguu mitupu juu ya udongo, akaanza kutembea. Uani! Peke yake! Nikabaki mlangoni namtazama mpaka akapita katikati ya ua.

Na Kamanda akamwona. Alishusha shingo, akatandaza mbawa, akaja. Nilikimbia, ndugu zangu, lakini nilikuwa mbali, nilijua sifiki. Nilipiga kelele za jina la Yesu, sikumbuki kama nilimalizia.

Aliyekuwa karibu ni Gaudensi. Alitupa kisu, akamwachia kuku, akajirusha kifudifudi juu ya jogoo wake. Nilimwona anagaagaa naye vumbini, na ule mwiba wa mguu wa kuchi ukamchana mkono toka kidole gumba hadi pale anapovaa saa. Hakumwachia.

Otilia hakugeuka hata kutazama. Alimfikia kuku wake, aliyekuwa amesimama pale anajikung'uta, maana wale hawajui hata kukimbia. Akakaa chini kwenye udongo, akampakata. Nyie wote mlikuwa mmesimama, mnaguta, mnaulizana, Mama Skola anamwita Bikira Maria. Na mtoto wangu, ambaye mlikuwa mmemwombea miezi yote ile aseme, akainua uso akawatazama akasema:

"Nyamazeni! Anasinzia."

Mkanyamaza! Jumuiya nzima! Hata mimi. Nilisikia upepo kwenye migomba. Mama Skola alipiga magoti palepale uani na vitenge vyake vya sala, akaanzisha wimbo wa shukrani, lakini kwa kunong'ona, na wote mkamfuata kwa kunong'ona, ili kuku asiamke. Nimeimba kwaya tangu shule ya msingi, sijawahi kusikia wimbo mzuri kama ule.

Kamanda alichinjwa siku ile. Hakuna aliyemwamuru Gaudensi. Alinyanyuka na jogoo kifuani, damu inamchuruzika mkono, akamuuliza mama yake, "Maji ya moto yapo?" basi. Mlimla, mlisema ni mgumu kama tairi, na mlimaliza. Yeye hakuonja. Nilimkuta nyuma ya jiko ananyonyoa manyoya taratibu, moja moja, kwa mkono mmoja. Nilikuwa na maneno yangu ya miezi mingi, nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nikamtazama. Nikachana pindo la kanga nikamfunga mkono.

"Pole, shemeji," nikasema.

"Pole na wewe, shemeji. Nilimlea vibaya."

Hasira yangu iliniacha pale, kati ya manyoya na moshi. Sikuisukuma. Niliitafuta kesho yake asubuhi kwa mazoea, haikuwepo.

Kwenye nyumba ile firigisi ni ya mwanaume, mtoto hapewi. Gaudensi aliiweka kwenye kisahani akampelekea Otilia. Otilia akaing'ata nusu, na nusu akampa kuku wake. Msiniulize kama ilikuwa halali. Alikula.

Namshukuru Mungu, na simshukuru kwa mdomo tu. Nawashukuru nyie pia, hata kwa ubaya wenu, maana bila nyie kuja na kisu mtoto asingeshuka. Na bado nasema mlikosea! Mama akihangaikia mtoto wake, nendeni mkamuulize ana nini, msimhesabie rangi ya kuku. Na anayetaka kujua kuku wa kukaa na watoto, achukue wa Malawi, au kishingo kama watoto wake hawana kovu la kuwakumbusha. Kuchi afugwe na mtu asiye na familia.

Na wewe unayesoma ukiwa na mtoto aliyenyamaza, au mume, au moyo wako mwenyewe: mwamini Mungu, lakini usimwambie apitie mlango gani. Mimi nilikuwa namngoja kanisani, akaingia kwa miguu miwili ya kuku, bila kubisha hodi. Sasa mgongo wangu ni mtupu. Otilia anakwenda bombani mbele yangu na kidumu chake, anaongea njia nzima, na mimi ninayemfuata nyuma nasema amina kwa kila neno, hata yale ya upuuzi. Njooni mmsikie. Nyumba ipo wazi, uji upo.